Mbwa Kabweka, Mwizi Ni Nani?

Simu ya mdogo wangu iliita saa tano usiku. Ukipigiwa saa hiyo na mtu mwenye mtoto wa miaka miwili, huanzi na habari za kutwa. "Dada, mtoto ana homa toka jana. Nimempima damu, CRP ni 64. Malaria hakuna. Wamesema ni bakteria, tuanze sindano usiku huu huu." Akanitumia picha ya karatasi ya majibu: safu ya namba, mbili kati yake zimepigwa mshale wa kwenda juu kwa kalamu nyekundu.

Nilifanya kazi ya utabibu miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo katika ukoo wetu simu za namna hii huishia kwangu. Nilimuuliza swali moja tu, nitalirudia mwishoni. Kwanza tushughulike na hiyo 64, maana siku hizi karatasi kama hizo zimejaa kwenye mikoba ya akina mama, na maneno yanayosemwa juu yake kwenye mabenchi ya zahanati ni mengi kuliko vipimo vyenyewe.

"CRP ikiwa juu, mtoto ana bakteria."
Si kweli.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Askari wa kinga wakikuta rabsha mahali popote mwilini hutoa kemikali ya kupeleka habari, interlukini-6, na ini likiipata habari hiyo humwaga CRP kwenye damu. Mtoto mwenye afya huwa nayo chini ya miligramu 5 au 10 kwa lita. Akiugua sana inaweza kupita 200. Ini haliulizi nani kaleta rabsha. Ni kama mbwa wa uani: hubweka akipita mwizi, hubweka akipita paka wa jirani, na humbwekea hata baba mwenye nyumba akirudi amechelewa. Anavyobweka kwa nguvu utapata fununu. Jina hatakutajia.

Jina la kipimo nalo limewapoteza wengi. Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa wa nimonia na kitu walichokuwa wamekitoa kwenye bakteria wa nimokokasi, kilichoitwa sehemu C. Mchanganyiko ukaganda na kufanya mashapo. Wagonjwa walipopona, damu yao haikufanya hivyo tena. Herufi C ya CRP inatoka hapo, na mtu akisikia kisa hicho atadhani wamepata kipimo cha bakteria. Lakini mabwana hao hao waliikuta pia kwa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu moyo wa watoto, ambayo huja baada ya bakteria wa koo kwisha kuondoka. Tangu siku ya kwanza, basi, mbwa alikuwa anabweka hata mwizi akiwa amesharuka ukuta.

Kwetu anayembwekesha zaidi ni malaria. Mtoto mwenye malaria ya kawaida anaweza kuwa na CRP inayovuka 100 bila bakteria hata mmoja kwenye damu yake. Kwa hiyo popote palipo na mbu, CRP isiyo na kipimo cha malaria pembeni yake ni karatasi ya kufungia karanga. Wapo na wengine: adenovirusi, ambaye huleta macho mekundu, koo na homa ya siku nne au tano, anajulikana kwa kuipandisha namba hadi mahali ambapo daktari mgeni angeapa ni bakteria. Mafua makali, kuungua moto, upasuaji, maumivu ya mifupa ya mtoto mwenye selimundu, yote hupandisha.

Je, namba haina maana? Ina maana, ila ni maana ya uwezekano. Mtoto aliyeugua siku mbili na CRP yake haijafika 20, uwezekano wa bakteria mkali ni mdogo. Ikivuka 80, uwezekano unapanda na mtu mzima anatakiwa aache kuzungumza kwenye simu. Katikati hapo ndipo alipokaa mtoto wa mdogo wangu, na katikati hapo kipimo peke yake hakiamui kitu.

"Majibu yamesema CRP pozitivu, inatosha."
Si kweli, na hili linaniudhi kuliko yote.

Maabara nyingi ndogo hazina mashine ya kutoa namba. Zinatumia kipimo cha kudondosha tone la majimaji ya damu kwenye kigae, pamoja na tone la kimiminika cheupe kama maziwa, kisha kigae kinatikiswa na mtu anaangalia kama kuna chembechembe zimeshikana. Kipimo hicho kwa kawaida husema "ndiyo" CRP ikifika miligramu 6 hivi kwa lita. Sita! Mafua ya mtoto wa chekechea yanafika hapo bila jasho. Mzazi anarudi nyumbani na neno pozitivu na chupa ya antibiotiki, na hakuna aliyejua kama ilikuwa 7 au 170.

Mtego mwingine uko kwenye vizio. Maabara moja huandika miligramu kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na tofauti ni mara kumi. CRP ya 6.4 katika karatasi ya pili ni sawa kabisa na 64 katika ya kwanza. Mtoto akihamishwa hospitali usiku, na mtu akasoma namba bila kusoma kilichoandikwa mbele yake, mgonjwa anaweza kuonekana amepona njiani.

"CRP ikiwa chini, mtoto yuko salama."
Si kweli. Ukilisahau lililotangulia utapoteza hela. Ukilisahau hili unaweza kupoteza mtoto.

Ini halina kasi ya umeme. Tangu bakteria waingie hupita kama saa 6 kabla CRP haijaanza kupanda, kisha hujizidisha maradufu kila baada ya saa 8 hivi, na hufika kilele siku ya pili. Mtoto aliyeanza homa saa tisa alasiri na kupimwa saa mbili usiku anaweza kuwa na bakteria wa uti wa mgongo na CRP ya 9. Karatasi ni safi kwa sababu mbwa bado amelala.

Nani atakayesubiri siku ya pili? Wengi hawawezi. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walipima kwa kuotesha damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa hospitali ya wilaya kati ya 1998 na 2002, matokeo yakachapishwa 2005. Kwa watoto wachanga wa chini ya siku 60, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na bakteria kwenye damu. Kwa waliozidi umri huo, karibu 6. Zaidi ya robo ya waliokutwa na bakteria walifariki, na theluthi moja ya vifo hivyo ilitokea siku ile ile ya kulazwa. Mtoto wa namna hiyo hapimwi CRP ili iamuliwe kama atapewa dawa. Anapewa dawa.

Kwa mtoto mchanga kabisa hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa kuzaliwa kwenyewe kunaipandisha CRP kidogo katika siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza kwa vichanga wanaoshukiwa unataka antibiotiki zianze, CRP ipimwe, kisha irudiwe baada ya saa 18 hadi 24. Namba mbili zinaonyesha njia inakoelekea, moja haionyeshi. Kwa lugha ya nyumbani: kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au aliyepoa kama samaki, au aliyeacha kunyonya, haendi maabara ya mtaani. Anakwenda hospitali.

"Malaria ikiwa hasi, basi ni bakteria."
Si kweli.

Imani hii nimeiona ikizaliwa. Zamani kila homa ilikuwa malaria na kila mtoto alitoka na dawa ya malaria. Vilipokuja vipimo vya haraka vya malaria, majibu mengi yakawa hasi, na tabibu aliyekuwa na vidonge vya aina mbili tu kwenye kabati akahamia kwenye kopo la pili. Mimi nilikuwa mmojawapo. Mama kasubiri toka alfajiri, huwezi kumwambia arudi na maji ya chumvi na pole.

Lakini homa zilizobaki ni za nani? Jibu zuri lilitoka Dar es Salaam na Ifakara. Timu ya Valérie D'Acremont iliwachunguza watoto 1,005 waliofika kliniki na homa, kila mmoja kwa rundo la vipimo ambalo zahanati ya kawaida haiwezi kuliota, na mwaka 2014 ikatoa majibu. Malaria ilikuwa kwa watoto 10.5 katika kila 100. Magonjwa ya virusi yalikuwa 70.5. Ya bakteria, 22. Wengine walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja, ndiyo maana hesabu inazidi mia. Waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa walikuwa wengi kuliko kundi lolote, na kati ya hayo nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei ilikuwa asilimia 5 tu. Typhoid, jina linalotajwa kila mtaa, ilikuwa asilimia 3.7.

Kuna namba moja katika utafiti huo ambayo watu huipita: asilimia 5.9 walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Ni bakteria wa kweli wanaotibika, na kwa mtoto asiyejua kusema "nikikojoa inaniuma" wanajificha nyuma ya homa tupu. Kijiti cha mkojo ni cha bei ndogo na kinamtaja mwizi kwa karibu zaidi kuliko CRP. Tatizo ni kupata mkojo wa mtoto wa miezi minane. Nimewahi kukaa na kikombe mkononi dakika arobaini, nikakojolewa kwenye kiatu.

"Chembe nyeupe zimepanda, ni bakteria. Na Widal imesoma."
Si kweli, mara mbili.

Chembe nyeupe hupanda mtoto akilia sana, akipata degedege, akipewa dawa za steroidi. Kwa mgonjwa wa typhoid mara nyingi hazipandi kabisa. Isitoshe watoto wadogo kwa asili wana mchanganyiko wa chembe usiofanana na wa mtu mzima, na mashine iliyowekewa viwango vya watu wazima itachora mishale kwa mtoto mzima wa afya. Mshale mmoja kati ya ile miwili ya mdogo wangu ulikuwa wa namna hiyo.

Widal si kipimo cha rabsha mwilini, lakini nimeiingiza kwa sababu huwa kwenye karatasi ile ile. Ni kazi ya Fernand Widal wa Paris, mwaka 1896, na haitafuti bakteria wa typhoid mwenyewe. Inatafuta silaha ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Silaha hizo zinaweza kuwa zimebaki kutoka ugonjwa wa mwaka juzi, au kutoka kwa bakteria mwingine anayefanana naye. Inavyotakiwa, upime mara mbili, siku 7 hadi 14 zikiwa katikati, uone kama kiwango kimepanda mara nne. Nionyeshe mtu mtaani kwetu aliyerudia Widal, nimnunulie soda.

ESR, kipimo cha kutazama chembe nyekundu zinavyozama kwenye bomba kwa saa nzima, ni cha mwaka 1897. Upungufu wa damu hukipandisha, selimundu hukishusha, na kikishapanda hukaa wiki nyingi. Kwa homa ya jana usiku hakina kazi.

"Prokalsitonini ni bora kuliko CRP."
Ni kweli, ila kwa masharti.

Prokalsitonini ilijulikana kama malighafi ya homoni ya tezi ya shingo. Mwaka 1993 madaktari wa Paris walionyesha kuwa kwa watoto wenye maambukizi makali ya bakteria hupanda mno, wakati kwa wenye virusi hubaki chini. Inaamka mapema kuliko CRP, saa chache tu tangu bakteria waingie, na virusi huifunga mdomo. Kwa mtoto wa Ulaya mwenye homa isiyojulikana chanzo, ni mbwa mwenye pua kali zaidi.

Sharti la kwanza ni malaria, tena. Malaria huipandisha prokalsitonini kwa kiasi kinachoweza kumfadhaisha daktari yeyote. La pili, jipu lililojifungia mahali pamoja linaweza lisiiguse. La tatu ni mfuko: ni ghali kuliko CRP mara kadhaa na haipatikani nje ya hospitali kubwa. Kama zahanati yako haina hata kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, usianze kuota prokalsitonini. Anza na kidole.

"Vipimo hivi vinaweza kupunguza antibiotiki bila kumdhuru mtoto."
Kweli.

Baada ya kuvunja yote hayo msomaji anaweza kudhani nataka CRP itupwe. Sitaki. Kosa ni kuiuliza swali lisilo lake. Ukiiuliza "nani kaingia?" itakudanganya. Ukiuliza "kwa mtoto huyu niliyekwisha mtazama, mwenye kikohozi na anayepumua haraka, je naweza kumwacha bila antibiotiki nikalala usingizi?" hapo ina jibu la thamani.

Katika vituo 9 vya Dar es Salaam, kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watoto wapatao 3,200 wenye homa waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitibiwa kwa mwongozo mzuri wa kawaida. La pili lilitibiwa kwa programu ya kishikwambi iliyomwongoza tabibu hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vya tone la damu, CRP na prokalsitonini zikiwemo, na kipimo cha oksijeni. Kwa mtoto wa kikohozi, antibiotiki zilitolewa ikiwa anapumua haraka au kifua kinabonyea ndani, na CRP imefika 80. Kundi la kwanza, asilimia 29.7 walipewa antibiotiki siku ya kwanza. La pili, 11.5. Na walioshindwa kupona kufikia siku ya 7 walikuwa 4.1 kwa la kwanza na 2.3 kwa la pili. Dawa zilipungua na watoto wakapona vizuri zaidi. Pembeni palikuwa na kundi dogo lililohudumiwa kama ilivyozoeleka, bila kuingiliwa: huko karibu 95 katika kila 100 walitoka na antibiotiki.

Mwaka 2024 yakaja matokeo ya toleo jipya la programu hiyo, lililojaribiwa katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro: asilimia 23.2 ya watoto walipewa antibiotiki dhidi ya 70.1 kwenye huduma ya kawaida, na walioshindwa kupona walikuwa sawasawa pande zote mbili.

Angalia kilichofanya kazi. Haikuwa CRP peke yake. Ilikuwa CRP iliyokuja baada ya mtu kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kumvua mtoto shati, kuuliza kama ananyonya. Kipimo kiliwekwa mwisho wa maswali. Kule alikopimwa mtoto wetu kiliwekwa mwanzo, dirishani, kabla ya mtu yeyote kumgusa.

"CRP imeshuka, kwa hiyo dawa imefanya kazi."
Nusu kweli. Rabsha ikiisha CRP hupungua kwa nusu katika kila saa 19 hivi, kwa hiyo kushuka mara nyingi ni habari njema. Ila ugonjwa wa virusi nao huisha wenyewe, na sindano iliyokuwepo tu njiani hupokea shukrani.

Sasa lile swali. Nilimuuliza mdogo wangu, "Mtoto anafanya nini sasa hivi?"

Kimya kidogo. "Anamvuta paka mkia."

Nikamwambia anipigie kwa video, anivulie shati la mtoto, asogee kwenye taa. Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima: 34. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano tunaanza kuhangaika zikifika 40. Chini ya mwaka mmoja, 50. Chini ya miezi miwili, 60. Kifua hakikubonyea. Alikuwa amekunywa uji, hatapiki, amekojoa mara mbili jioni. Shingo alikuwa anaizungusha kumtafuta paka. Macho yalikuwa mekundu na pua inatiririka, jambo ambalo karatasi haikuwa na nafasi ya kuliandika.

Nikampa masharti: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kusinzia asiamke vizuri, akianza kupumua kwa kuhema, asinipigie mimi, apande bajaji aende hospitali saa hiyo hiyo. La sivyo, asubuhi ampeleke akaangaliwe tena, mkojo upimwe, na malaria irudiwe.

"Na sindano?" akauliza.

"Umeshazilipia?"

"Dozi ya siku tano."

"Risiti unayo?"

Alikuwa nayo. Asubuhi walikataa kuzirudisha.